Choo cha Lami

Madaktari husema melena, neno lenye asili ya Kigiriki linalotaja weusi. Ukilitafsiri kwa haraka unapata "kinyesi cheusi", na hapo ndipo matatizo yanapoanza. Mama mjamzito anayemeza vidonge vya FEFO vya kuongeza damu hupata choo cheusi pia, na hana neno. Ni madini ya chuma tu. Watu wenyewe wanalo neno bora: choo cha lami. Linabeba weusi, mng'ao na kunata, pengine hata harufu yake isiyosahaulika. Damu ikivuja tumboni hukutana na asidi na bakteria njiani, ikageuka nyeusi. Mililita 50 hadi 100 zinatosha.

Mchukue mkata mkonge wa Kwashemshi. Kutwa anainama, mgongo unamuuma, na duka la dawa lina diklofenaki. Akiimeza mfululizo, dawa hiyo huudhoofisha ute unaolinda ukuta wa tumbo. Tumbo likianza kuwaka anasema "nina vidonda", ananunua magnesiamu, anasubiri. Vidonda vya tumbo ni jina tulilolizoea mno, halimshtui mtu. Lami inapaswa kumshtua.

Akifika Hospitali ya Magunga, Korogwe, linalotangulia si kidonda kiko wapi, bali amepoteza damu kiasi gani. Mapigo ya moyo yakizidi 100 kwa dakika, au namba ya juu ya presha ikishuka chini ya 100, hali ni mbaya. Hemoglobini ya saa ya kwanza hudanganya: damu imepungua, lakini iliyobaki bado haijachanganyika na maji. Huwekwa kanula mbili nene, dripu, na sampuli hupelekwa maabara kutafuta damu inayooana. Kwa kawaida huongezewa damu hemoglobini ikiwa chini ya gramu 7 kwa desilita. Utafiti wa 2013 ulionyesha kuwa kuongeza mapema mno hakusaidii. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu kuganda iliyotumainiwa sana, haikupunguza vifo katika jaribio la HALT-IT la 2020 lenye wagonjwa 12,000 hivi. Omeprazo, inayopunguza asidi, husaidia, ila endoskopia, yaani kamera inayopitishwa kooni, ikiwezekana ndani ya saa 24, ndiyo huonyesha tundu na kuliziba. Kanda ya Ziwa, ambako kichocho cha matumbo huvimbisha mishipa ya umio, mara nyingi kinachofungwa ni mishipa hiyo.

Kwa hiyo zahanati isiulize tu, "Choo ni cheusi?" Iulize, "Kinanata kama lami?" Kisha iulize ni dawa gani za maumivu alizokuwa akimeza.