Kumiliki ndege ndogo: Kununua ni mwanzo tu, kuitunza ndicho kibarua

KUTOKA Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, hadi Kangundo katika Kaunti ya Machakos ni takribani kilomita 60 kwa mstari ulionyooka. Gari linaloandama Barabara ya Kangundo kupitia Ruai, Kamulu, Joska na Tala huweza kuchukua saa moja na nusu au zaidi, kutegemea msongamano. Ndege ndogo ya injini moja, mfano wa Cessna 172 yenye viti vinne, huumaliza umbali huo kwa dakika zisizozidi 20.

Hesabu hiyo huwatia tamaa wengi wenye uwezo wa kifedha. Mfanyabiashara aliyefanikiwa, au mstaafu aliyekuwa na ndoto ya kuwa rubani tangu utotoni, hujiuliza kwa nini asijinunulie ndege yake mwenyewe na kuirusha siku za mapumziko, kama wengine wanavyocheza gofu. Sheria za Kenya zinamruhusu. Hata hivyo, ndege yenyewe ndiyo sehemu nyepesi ya shughuli hiyo. Uzito umo katika fedha zinazohitajika kila mwaka, saa za kuruka ambazo rubani hapaswi kuziacha zipungue, na kipande cha ardhi cha kutulia. Kwa mkazi wa Kangundo, hicho cha mwisho ndicho adimu kuliko vyote.

Uraibu huu si mgeni nchini. Ndege ya kwanza kusajiliwa Kenya ilikuwa chombo cha kujifurahisha, mali ya mlowezi John Carberry aliyekuwa na shamba Seremai, Nyeri. Ilikuwa aina ya de Havilland DH.51, iliyoletwa kwa meli hadi Mombasa mwaka wa 1925 na kupewa jina Miss Kenya. Zilitengenezwa tatu pekee za aina hiyo. Miss Kenya ilirejeshwa Uingereza mwaka wa 1965, na ndiyo iliyosalia kati ya hizo tatu. Mwaka wa 1927 wapenzi wa urubani waliunda klabu yao, Aero Club of East Africa, ambayo makao yake yako Wilson. Miaka miwili baadaye Florence Kerr Wilson, mjane aliyependa usafiri wa ndege, alianzisha kampuni ya Wilson Airways, na jina lake ndilo linalobebwa na uwanja huo hadi leo.

Enzi hizo zimesimuliwa kwa mbwembwe nyingi, lakini zilikuwa na makaburi yake. Mnamo Mei 14, 1931, ndege ndogo aina ya Gipsy Moth ya mwindaji Denys Finch Hatton ilianguka mara baada ya kupaa kutoka Voi. Vitabu na filamu humlilia Finch Hatton. Ni nadra kumtaja Kamau, mtumishi wake Mkikuyu, aliyeteketea naye katika ndege hiyo hiyo.

<b>Leseni na saa 40</b>

Anayetaka kuirusha ndege yake mwenyewe huhitaji leseni ya rubani binafsi, inayotolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege Nchini (KCAA). Sharti awe ametimiza umri wa miaka 17, apimwe na daktari aliyeidhinishwa na mamlaka hiyo, na afaulu mitihani ya sheria za anga, hali ya hewa, urambazaji na mitambo. Aidha huthibitisha kwamba anaimudu lugha ya mawasiliano ya redio, ambayo ni Kiingereza.

Kisha kuna saa za angani. Kiwango cha chini kinachotambuliwa kimataifa ni saa 40, na kati ya hizo saa 10 mwanafunzi huwa peke yake ndani ya ndege. Katika safari zake za peke yake lazima iwemo moja ya angalau kilomita 270, ambamo hutua katika viwanja viwili tofauti kabla ya kurudi alikotoka. Ni wachache wanaofuzu kwa saa 40 kamili. Wengi huhitaji zaidi, hasa wanaojifunza kwa vipande vipande kila wanapopata fedha, kwa kuwa mwili husahau upesi kile ambacho mkono ulikuwa umeanza kukizoea.

Leseni hiyo haimruhusu mwenyewe kulipwa. Anaweza kumbeba mkewe, mumewe au rafiki, lakini akitoza nauli amevunja sheria. Na kabla ya kumbeba yeyote, ni lazima awe amepaa na kutua angalau mara tatu katika siku 90 zilizotangulia. Anayekaa miezi minne bila kuruka, kisha akaamua kuwatembeza wageni wake wa Krismasi, hana budi kwanza kwenda angani peke yake au na mwalimu.

<b>Ndege hula hata ikilala</b>

Cessna 172 ilianza kuuzwa mwaka wa 1956, na zaidi ya 44,000 zimetengenezwa, idadi isiyofikiwa na ndege nyingine yoyote. Mpya kutoka kiwandani Marekani hugharimu zaidi ya dola 400,000, yaani zaidi ya Sh50 milioni. Kwa sababu hiyo wanunuzi wengi wa uraibu hutafuta iliyotumika, na si ajabu kukuta ndege iliyotengenezwa miaka ya 1970 ikiruka salama salimini. Umri wa ndege haupimwi kama umri wa gari. Kinachotazamwa ni vitabu vyake vya kumbukumbu, ambamo kila saa iliyoruka na kila kipuri kilichobadilishwa huandikwa na kutiwa sahihi. Ndege nzuri iliyopoteza vitabu vyake ni mali ya mashaka, na mnunuzi mwenye busara huipita.

Ikishafika nchini husajiliwa, hupakwa herufi zinazoanza na 5Y, na hukaguliwa kabla ya kupewa cheti cha ubora wa kuruka. Cheti hicho huhitaji kufanywa upya, na mwenye ndege hawezi kumwita fundi wa mtaani kuigusa: kazi hufanywa na karakana zilizoidhinishwa na KCAA. Kuna ukaguzi baada ya saa 50, kuna mwingine baada ya saa 100, na kuna bima, ada za maegesho na ada za kutua.

Mafuta, jambo ambalo wengi hulihofia kwanza, si mzigo mkubwa hivyo. Cessna 172 hutumia takribani lita 32 kwa saa, kwa hivyo safari ya Wilson hadi anga ya Kangundo na kurudi hula lita zipatazo 25. Tatizo ni kwamba injini nyingi za aina hiyo hutumia petroli maalumu ya ndege, isiyopatikana katika vituo vya kawaida, na ambayo huuzwa katika viwanja vichache nchini. Rubani hupanga safari yake kwa kufuata mahali mafuta yalipo.

Injini ndiyo hulia sana. Mtengenezaji wa injini za Lycoming zilizofungwa kwenye nyingi za ndege hizi anapendekeza zifunguliwe na kufanyiwa ukarabati kamili baada ya saa 2,000 au miaka 12, lolote litakalotangulia. Rubani wa uraibu anayeruka saa 50 kwa mwaka atakuwa ametumia saa 600 pekee miaka hiyo 12 itakapotimia. Yaani kalenda huila injini yake kabla hajatumia hata theluthi ya saa zake. Vibaya zaidi, injini inayokaa wiki nyingi bila kuwashwa huingia kutu ndani, ambako jicho halifiki. Ndiyo sababu ndege iliyofunikwa turubai na kusahauliwa pembeni mwa uwanja si akiba ya kumfaa mtu baadaye.

<b>Itatua wapi Kangundo?</b>

Wakazi wa Kangundo, kama Wakenya wengine wengi, wameona helikopta zikitua katika viwanja vya shule misimu ya kampeni. Hilo huwafanya baadhi kudhani kwamba ndege ndogo nayo itajitafutia nafasi. Ndege yenye mabawa huhitaji njia ya kukimbilia, na urefu wake hutegemea jambo ambalo abiria hafikirii kamwe, nalo ni wepesi wa hewa.

Kangundo iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Wilson iko mita 1,687. Katika miinuko hiyo hewa ni nyepesi. Alasiri yenye joto la nyuzi 25 pale Wilson, ndege huhisi kana kwamba iko mita 2,400 hivi. Injini isiyo na kifaa cha kuisukumia hewa hupoteza takribani robo ya nguvu zake, pangaboi huvuta kwa udhaifu na mabawa hubeba kidogo. Ndege iliyojaa watu wanne ambayo ingepaa Malindi bila wasiwasi huhitaji karibu maradufu ya umbali huo ili kupaa na kuvuka miti iliyo mbele yake. Marubani wenyeji huruka asubuhi na mapema au huacha abiria mmoja nyumbani. Mgeni kutoka pwani au Ulaya hujifunza somo hilo kwa kutazama miti ikimkaribia.

Kwa hivyo njia salama ya nyasi eneo hilo haipaswi kuwa chini ya mita 1,000. Ukiipa upana wa mita 30, umetumia zaidi ya ekari saba, kabla ya kuhesabu nafasi isiyo na nyaya za umeme wala mikalitusi kila mwisho. Kangundo ni nchi ya vilima na migunda ya kahawa, ambako mashamba yamegawanywa kwa wana na wajukuu hadi familia nyingi zikabakia na vipande vidogo. Ekari saba zilizonyooka na zilizo tambarare ni vigumu kuzipata, na anayezipata atalazimika kuwaeleza majirani kwa nini kahawa ing'olewe ili mtu mmoja acheze Jumapili. Sheria ya mazingira ya mwaka wa 1999 nayo inataka viwanja vya ndege vifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira chini ya usimamizi wa NEMA, na KCAA lazima iridhike na mahali penyewe.

Basi mwenye ndege kutoka Kangundo huiegesha Wilson, au Orly katika Kaunti ya Kajiado, ambako wapenzi wa urubani wana uwanja wao. Zile dakika 20 za angani zinatanguliwa na saa moja na nusu ya barabara. Atakuwa amepita Nairobi nzima ili arudi kuitazama Kangundo kutoka juu.

Huko juu nako hakuko wazi. Ndege nyingi zinazoondoka Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta hupaa zikielekea kaskazini mashariki, upande wa Ol Donyo Sabuk, mlima wenye urefu wa mita 2,145 usio mbali na Kangundo. Rubani mdogo hupita kwa idhini ya waongozaji wa ndege, kwa kimo na njia aliyopewa. Miezi ya Juni hadi Agosti mawingu hutanda chini na kuficha vilima asubuhi nzima, na kishawishi cha kupenya "kidogo tu" ni kikubwa. Mnamo Juni 2018 ndege iliyokuwa ikitoka Kitale kuelekea Nairobi iligonga milima ya Aberdare na watu wote 10 wakafariki, nayo ilikuwa ya abiria, ikiongozwa na marubani wa kazi.

Msongamano nao una hatari yake. Machi 5, 2024, Cessna 172 ya mafunzo iligongana na ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyokuwa imetoka Wilson kuelekea Diani. Dash 8 ilirejea na watu 44 wakashuka salama. Mwalimu na mwanafunzi waliokuwa katika Cessna walikufa ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi.

<b>Wanaomudu huchangia</b>

Kati ya marubani wa uraibu kote duniani kuna hesabu ya kukisia kwamba anayeruka chini ya saa 100 kwa mwaka hupata nafuu kwa kukodisha kuliko kumiliki. Anayesisitiza kumiliki huweza kutafuta wenzake watatu au wanne wakanunua ndege moja. Bima, maegesho na ukaguzi hugawanywa sawasawa, nayo mafuta hulipwa na aliyeruka. Kila mmoja pia hutia kiasi fulani kwa kila saa katika mfuko wa injini, ili siku ya ukarabati isiwakute mikono mitupu. Wakenya wanaojua kuendesha chama hawahitaji kufunzwa mpango huo upya. Wanachohitaji ni kuandika mapema nani ana haki ya ndege siku za Pasaka, nani hulipa tairi likipasuka wakati wa kutua, na mgao wa mwenzao utanunuliwa kwa bei gani akifariki au akishindwa kupita kipimo cha daktari.