Shahada ya Jumamosi

Mwaka juzi tata alinipigia simu saa tatu usiku. Tata ni shangazi, kwa wasiojua Kikuyu. Yeye ni meneja wa tawi la Sacco moja pale Karatina, ameanzia hapo kama keshia, na wakati huo alikuwa anamalizia MBA, masomo ya wikendi.

"Kijana wangu," akasema, "nasikia wewe huandikia watu tasnifu. Yangu utaniandikia kwa pesa ngapi?"

Nilinyamaza. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ikiwa imenilemea. Tangu hapo nakula kwa kuandika, na si makala peke yake. Nimewahi kuwaandikia mameneja wenye ofisi na gari kazi za shahada ambayo mimi mwenyewe sina. Kwa hivyo swali lenyewe halikuwa geni. Kilichonishtua ni kwamba lilitoka kwa tata. Nikamwambia anipe wiki moja, na katika wiki hiyo nikaanza kuuliza na kusoma: tulifikaje hapa?

Tuanze na kahawa, maana huku kwetu mambo mengi huanzia hapo. Kwa miaka mingi serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika wa Mkoa wa Kati kupanda kahawa ya kuuza. Mlango ulifunguka hasa baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, katikati ya hali ya hatari. Sheria ya vyama vya ushirika ilikuwa tayari, tangu 1945. Na chama cha wakulima hakiendeshwi kwa nguvu za mikono tu. Lazima kuwe na mtu wa kupima kahawa, kuandika kilo za kila mmoja, kutunza pesa, kisha kusimama mbele ya mamia ya wakulima waliokasirika na kuwaeleza kwa nini malipo ni madogo. Mtu huyo aliitwa karani. Kazi yake ilikuwa umeneja, ila hakuna aliyempa jina hilo. Mwaka 1957 kiwanda cha chai cha Ragati kikajengwa si mbali na Karatina, cha kwanza kwa wakulima wadogo nchini, na watu wa aina hiyo wakahitajika zaidi.

Uhuru ulipokuja, nafasi za Wazungu zilihitaji kujazwa, tena haraka. Taasisi ya utawala pale Kabete ilikuwa imeanza mwaka 1961 kuwaandaa maafisa Waafrika, na Chuo cha Ushirika kule Karen kikawafunza watu wa vyama. Hapo ndipo karatasi ilipoanza kuwa na uzito wa pekee. Mfano ambao kila mzazi wa Nyeri aliujua ni Duncan Ndegwa, mtoto wa huku huku, aliyesoma Makerere kisha Scotland, na mwaka 1967 akawa gavana wa kwanza Mwafrika wa Benki Kuu ya Kenya. Somo wazazi walilolishika lilikuwa fupi: soma, utapewa kiti.

Sasa twende mbali kidogo, kwa sababu MBA yenyewe haikuzaliwa huku. Harvard ndiyo iliyoianzisha, mwaka 1908, wakati viwanda na reli za Marekani zilikuwa zimekua kuliko uwezo wa wenyewe kuzisimamia. Mwaka 1943 Chuo Kikuu cha Chicago kikaanzisha aina nyingine, ya mameneja walio kazini tayari. Ukiifikiria, wazo lake ni zuri sana. Meneja haachi kazi. Anakuja darasani na shida ya ofisini, anaijadili na wenzake, Jumatatu anarudi kujaribu alichojifunza. Kazi yake ndiyo kitabu chake. Ukiondoa hiyo shida ya ofisini, kinachobaki ni karatasi tu.

Huku mlimani, watu hawakungoja Chicago. Mwaka 1972, wakati wa wimbi la taasisi za harambee, wananchi wa Nyeri walianzisha Taasisi ya Teknolojia ya Kimathi, kando ya barabara ya kwenda Mweiga. Haikuwa na shahada yoyote. Nia ilikuwa vijana wapate ujuzi wa kazi. Murang'a na Meru nako zikaja taasisi za mtindo huo.

Lakini meneja wa Nyeri aliyetaka shahada ya uzamili bado alilazimika kwenda Nairobi, karibu kilomita 150. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia karo, ule mpango wa Module II ambao watu waliuita tu parallel. Ghafla mwenye mshahara akaweza kusoma jioni au wikendi. Vyuo vingine vikafuata, vikaanza kufungua matawi katika miji midogo, mara nyingi orofani, juu ya benki na maduka.

Kisha chuo kikuu kikaja nyumbani kabisa. Ile taasisi ya harambee iligeuzwa chuo kikuu kishiriki mwaka 2007, na Desemba 2012 ikapata hati yake kama Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Karatina nacho kikapata hati. Chuka na Meru vilipata mwaka huo huo, Embu, Murang'a na Kirinyaga mwaka 2016. Ndani ya miaka minne hivi, mlima ulizungukwa na vyuo vikuu.

Na mwaka ule ule wa 2013 kaunti zikaanza kazi. Zilihitaji wakurugenzi, maafisa wakuu, wasimamizi wa hiki na kile. Soma matangazo yao ya kazi: shahada ya uzamili ama ni lazima, ama "itakuwa faida ya ziada". Sacco, hospitali na shule zikaiga. Mtu aliyeongoza ofisi miaka kumi na tano akaambiwa hawezi kupanda cheo bila cheti kinachosema anajua kuongoza ofisi.

Hebu jiweke katika nafasi yake. Ana watoto shuleni, mkopo, mzazi mgonjwa kijijini, bosi anayepiga simu hata Jumapili. Darasani anafika amechoka. Kupandishwa cheo kunangoja karatasi, si alichojifunza. Upande wa pili wa mji kuna vijana kama mimi, wanaojua kuandika na hawana kazi. Soko hilo lilijiunda lenyewe. Mameneja hawakuwa wajinga, na sisi hatukuwa majambazi. Ila tulikuwa tunaiba kitu, na ilinichukua muda kukiona.

Wiki ilipoisha nilienda Karatina. Sikumhubiria tata, ningemhubiria nikiwa nani? Nilimuuliza tu: ofisini kwako, ni shida gani inayokunyima usingizi? Akacheka, kisha akaongea saa nzima. Mikopo. Watu waaminifu, anaowajua kwa majina, wanashindwa kulipa. Nikamuuliza ni akina nani. Akafungua daftari lake.

Wengi walikuwa wakulima wa kahawa. Wa majani chai hupata kitu kila mwezi, halafu bonasi mwisho wa mwaka wa chai. Wa kahawa hungoja mpaka mazao yauzwe, na pesa nyingi huja kwa mkupuo. Lakini Sacco iliwadai wote kila mwezi, kwa fomu moja. "Kumbe tunamdai mtu wakati hana," akasema polepole, "halafu tunamwita mdaiwa sugu."

"Hiyo ndiyo tasnifu yako," nikamwambia. "Mimi siwezi kuiandika. Sijui hao watu."

Kile tulichokuwa tunaiba ndicho hicho. Ningemwandikia tasnifu safi, yenye nadharia za Ulaya na majedwali ya kupendeza, na ile shida ingebaki kwenye daftari. Mkulima angeendelea kudaiwa Machi pesa ambazo bado hajalipwa.

Tata aliandika mwenyewe, usiku, kwa miezi saba. Mimi nilimsahihishia lugha na kumfunza kupanga majedwali, akanilipa kwa hilo. Alihitimu. Cheo bado hajapata, na mimi nilipoteza wateja wawili nilipoacha kazi ile, kwa hivyo usidhani hii ni hadithi ya ushindi. Lakini tawi lake sasa linajaribu mkopo ambao wakulima wa kahawa wanalipa malipo yakishatoka. Wale makarani wa zamani wangeuelewa bila kufafanuliwa.