Sukari Iliyokuja kwa Reli

Mji wa Lubumbashi, ulioanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, ulijengwa juu ya shaba, na habari za shaba hiyo, za tanuri zake na za matajiri wake, zimekwisha kuandikwa mara nyingi. Bali ni wachache waliojishughulisha na swali la soko, yaani watu waliokusanywa kutoka kila pembe ili wachimbe na kuyeyusha madini, chakula chao kilitoka wapi, na bei yake ilikatwa na nani. Katika vyakula vyote vya mji huu mimi naichagua sukari, kwa sababu unga wa mahindi aweza kuutoa mkulima yeyote mwenye jembe na kinu, ilhali sukari nyeupe haipatikani ila kwa kiwanda chenye rasilmali kubwa, na viwanda vikubwa vya namna hiyo vilisimama mbali na Katanga. Sababu yake, kwa itikadi yangu, haikuwa ardhi wala uvivu wa watu; ilikuwa reli na hesabu.

Kabla ya reli, utamu wa nchi hii ulikuwa asali ya msituni, na muwa uliomenywa kwa meno ukatafunwa. Bunkeya, makao ya Mfalme Msiri, aliyetoka Unyamwezi akatawala Garenganze mpaka alipouawa mwezi wa Desemba 1891, ilikuwa imekwisha kufungamana na pwani kwa njia ya misafara, pembe na shaba zikitoka, nguo, shanga, bunduki na baruti zikiingia. Na huko pwani, zama hizo hizo, bonde la Pangani lilikuwa na mashamba ya miwa ya Waarabu pamoja na vinu vya kuikamulia, na mmoja katika wenye mashamba hayo alikuwa Abushiri bin Salim al-Harthi, yule aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa mwaka uliofuata. Basi sukari ilikuwako mwanzo wa njia na walaji walikuwako mwisho wake. Lakini, ukitoa kidogo cha chai ya mwenye msafara, hapana mfanya biashara mwenye akili aliyeweza kumtwika hamali sukari kwa safari ya miezi mingi, kwani thamani ya mzigo ule isingelipa hata posho ya mwenye kuubeba. Kanuni hii ya uzani na thamani haikufutwa na reli. Ilihamishwa tu, ikawakuta wengine.

Reli ilifika Elisabethville mwezi wa Septemba 1910, miaka minne baada ya kuundwa kampuni ya madini ya Union Minière, nayo haikutoka Ubelgiji wala Boma, ilitoka kusini, kwa Waingereza, ikipitia Bulawayo na Livingstone. Kwa njia hiyo yaliingia makaa ya mawe ya Wankie, uliingia unga wa Rodezia, na ziliingia bidhaa za maduka ya Wagiriki na ya Mayahudi wa kisiwa cha Rhodes, ambao waliishika sana biashara ya rejareja ya mji. Serikali ya Wabelgiji haikupendezwa na utegemezi huo. Mwaka 1925 iliundwa kampuni ya sukari kule Kwilu, baina ya Kinshasa na Matadi, na mahali pale pakaitwa Moerbeke, kwa jina la mji wa Ubelgiji wenye kiwanda cha sukari ya viazi-sukari. Na mwaka 1928 ikamalizika reli ya kutoka Bukama mpaka Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, ili bidhaa za Katanga zisafiri ndani ya koloni tangu mwanzo hata mwisho.

Lakini na tuutazame mfuko mmoja wa sukari katika njia hiyo waliyoiita ya taifa. Unapakiwa garini Kwilu, unashushwa Kinshasa, unapakiwa katika meli ya kupanda mto Kongo na mto Kasai, unashushwa Ilebo, unapakiwa tena garini, na hapo ndipo uianze reli ndefu ya kuielekea Katanga. Kila bandari ina makuli wake, ghala lake, mvua yake na mwizi wake, na kila mkono unaougusa mfuko unaongeza kitu juu ya bei. Mfuko wa kusini ulipanda gari la moshi na kushuka Elisabethville. Hata serikali ikipunguza nauli kwa amri, amri haiufupishi mto.

Huenda mtu akauliza mbona basi kiwanda hakikujengwa hapa hapa. Jibu limo katika tabia ya muwa wenyewe. Muwa ukisha kukatwa huanza kupoteza sukari yake, na ukikaa siku mbili tatu juani mwenye kiwanda huanza kuhesabu hasara. Tena tani moja ya sukari yahitaji tani nane hata kumi za miwa, kwa hiyo hapana hesabu inayoruhusu kuisafirisha miwa mbali. Kiwanda lazima kikae katikati ya shamba. Humo miwa hukatwakatwa na kusagwa baina ya magogo ya chuma, maji yake yakatiwa chokaa ili taka zitue chini, yakachemshwa mpaka yawe mazito, kisha yakapikwa katika mitungi iliyoondolewa hewa ili sukari igande bila kuungua, na mwisho yakatiwa katika mapipa yazungukayo kwa kasi, chembe zikabaki ndani na molasi ikatoka nje. Makapi hutiwa katika tanuri, yakatoa moto wa kuendeshea mitambo yote hiyo. Mitambo ya namna hii hula fedha yote siku ya kwanza na kuirudisha kwa miaka mingi, kwa sharti kwamba ipate miwa ya kutosha kila msimu, na katika nchi yenye kiangazi kirefu kama Katanga, miwa ya kutosha maana yake ni kumwagilia maji. Yeyote aliyekuwa na fedha nyingi Katanga aliijua njia fupi zaidi ya kuizidisha, nayo ilikuwa chini ya ardhi.

Walaji wenyewe hawakushauriwa. Wafanya kazi wa Union Minière walipewa posho ya unga, nyama, samaki, mafuta na chumvi, na mishahara yao ilipimwa kwa mujibu wa posho hiyo; wakati wa Vita Kuu ya Pili bei za madukani zilipopanda na mishahara ikakaa pale pale, waligoma, na tarehe 9 Desemba 1941 askari waliwapiga risasi katika kiwanja cha mpira cha Lubumbashi. Nayakumbusha haya kwa sababu wanaoandika habari za bei aghalabu huandika kana kwamba bei ni mvua, na hali wako watu waliokufa kwa kudai iwe sawa na jasho lao.

Mwaka 1960, mwaka wa uhuru wa Kongo na wa kujitenga kwa Katanga, kampuni ya Tate & Lyle ya Uingereza ilifungua kiwanda cha kusafishia sukari Ndola, katika Zambia ya leo, ng'ambo ya pili tu ya mpaka. Kisha Rodezia ya Kusini ilipojitangazia uhuru wa walowezi mwaka 1965, Zambia ilizidi kuona hatari ya kula sukari ya adui, ikaharakisha mashamba ya Nakambala, karibu na Mazabuka, yanayonyweshwa maji ya mto Kafue, na kiwanda chake kikaanza kutoa sukari mwaka 1968. Hapa naona fundisho la tijara lililo dhahiri. Zambia nayo ilikuwa nchi ya shaba, yenye kiangazi kama chetu. Lakini dola yake iliamua kwamba sukari ni jambo la usalama, ikatafuta maji, ikatafuta fundi.

Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Mwezi wa Novemba 1973 maduka na mashamba ya wageni yalitwaliwa na kugawiwa watu wengi wasioijua biashara, na rafu zikabaki tupu. Kiwanda cha Kiliba, katika bonde la Ruzizi karibu na Uvira, kilichojengwa miaka ya 1950 na kuilisha Kivu, kilinyamaza vita vilipoingia mwaka 1996. Na Lubumbashi, kwa kuwa Gécamines, kampuni ya dola iliyoirithi Union Minière, ilikuwa imekwisha kuanguka tangu mwanzo wa miaka hiyo ya 1990, ilijifunza kuishi kwa Kasumbalesa, kituo cha mpaka na Zambia, ipitiapo sukari ya Nakambala.

Leo, katika soko la mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, mama mwenye meza huufungua mfuko wa kilo 50 kwa kukata uzi wa mshono taratibu, kwa maana mfuko mtupu nao una mnunuzi. Huchota kwa kopo, husawazisha kwa kiganja, humimina katika vifuko vya nailoni na kuvifunga kimoja kimoja, na faida yake yote imo katika kile kiganja. Mwenye kununua kifuko kimoja cha chai ya asubuhi hulipa, kwa kilo, zaidi ya tajiri anunuaye mfuko mzima. Ndiyo maana kila ushuru unaoongezwa forodhani humfikia yeye kwanza.

Na soko lenyewe linabadilika. Nakambala, ambayo tangu 2001 imo mikononi mwa kampuni ya Illovo ya Afrika Kusini, ilitanuliwa mwishoni mwa muongo ule kwa matumaini ya bei nzuri za Ulaya. Lakini Ulaya ilipoondoa mipaka ya uzalishaji wake mwezi wa Septemba 2017, matumaini hayo yalififia, na nchi jirani zisizojitosheleza, Kongo mbele, zikawa na thamani kubwa zaidi machoni pa muuzaji. Agosti 2024, Kongo ilipokuwa imezuia bia na soda za Zambia, Zambia ilifunga mpaka kwa siku chache, na malori ya shaba yakakwama pamoja na malori ya chakula. Mimi siungi mkono marufuku isiyotanguliwa na kiwanda. Kuzuia bidhaa ya jirani kabla ya kupanda muwa ni kumtoza mnywaji chai kodi na kumlipa mpita njia za panya.

Kiwanda cha Katanga kikitakiwa kweli, kwahitajika maji ya kumwagilia, umeme usiokatika wa kuyapandisha, na mkopo wa miaka mingi, katika nchi ambayo migodi hunyakua umeme wote kwanza. Wakati huohuo njia ya tatu inafunguka. Reli ya Lobito, iliyounganishwa na Katanga mwaka 1931 na kukatwa na vita vya Angola tangu 1975, inatengenezwa ili ibebe shaba kwenda bahari ya Atlantiki, na magari hayo lazima yarudi na kitu. Ng'ambo ya bahari hiyo iko Brazili, inayouza nje sukari nyingi kuliko nchi yoyote duniani. Na nauli ya gari linalorudi tupu huwa rahisi. Sukari hiyo ikianza kushuka Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga, bila ya kupita Kasumbalesa, Nakambala itapata mshindani katika mlango ilioushika peke yake muda mrefu, na mwenye kuwaza kujenga kiwanda Katanga itambidi akate bei yake mbele ya wawili.