Mwenda kwa Miguu na Simba

Habari nyingi za wanyama wakali zimeandikwa na watu waliokuwa na bunduki mikononi. Ndiyo maana vitabu hivyo vimejaa ushujaa. Lakini katika nchi zetu, wengi waliokutana na simba, nyati au kiboko walikuwa watu wa kawaida waendao kwa miguu: mkulima na jembe begani, mama na ndoo kichwani, mtoto anayewahi shule. Nimefundisha historia katika vyuo vya ualimu kwa miaka mingi, na swali hili halikuniacha: binadamu hufanya nini anapokutana ana kwa ana na mnyama awezaye kumla, na wenzake hufanya nini baadaye? Nimelitafuta jibu katika historia, nami nitaeleza nilichokiona humo.

Tuanze na David Livingstone, maana kisa chake kinajulikana, ingawa kwa kawaida husimuliwa nusu. Mwaka 1844 alikuwa Mabotsa, kusini mwa Afrika, mahali ambapo simba walikuwa wakiua ng'ombe wa wenyeji. Walitoka kundi kwenda kuwasaka. Livingstone alimpiga simba mmoja risasi mbili, na alipokuwa akishindilia nyingine simba akamrukia, akamkamata mkono wa juu karibu na bega na kumtikisa kama mbwa amtikisavyo panya. Baadaye aliandika kwamba katika dakika ile hakusikia maumivu wala hofu. Alikuwa kama mtu aliye katika ndoto, akiona kila kitu kinachotendeka bila kutishika. Mfupa wa mkono ulisagika, na meno ya simba yaliacha majeraha 11.

Nusu ya pili ya kisa hiki ndiyo ninayoipenda zaidi, na wenzangu wa ualimu watanielewa. Aliyemwokoa alikuwa mwalimu wa shule, Mwafrika aitwaye Mebalwe. Alielekeza bunduki yake, lakini haikulipuka. Simba akamwacha Livingstone, akamrukia mwalimu na kumng'ata paja. Mtu wa tatu, ambaye zamani Livingstone alipata kumwokoa aliporushwa na nyati, akaja na mkuki. Naye akakamatwa begani. Hapo ndipo zile risasi za kwanza zilipofanya kazi, na simba akaanguka akafa. Tazama basi: mmoja aliganda, na wawili walikwenda mbele badala ya kurudi nyuma. Livingstone tunalikumbuka jina lake sote. Jina la Mebalwe wanalijua wachache, na la yule wa mkuki hata Livingstone hakulitaja.

Ule mkono haukupona sawasawa. Livingstone alipofariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake kwa miguu hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Ulipofikishwa Uingereza, madaktari waliutambua kwa mfupa ule uliounga vibaya. Alama ya simba wa mwaka 1844 ikawa ushahidi miaka 30 baadaye.

Huko kuganda ndiko ninakotaka tukukumbuke. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa nikikagua mazoezi ya kufundisha katika mikoa ya kusini mwa Tanzania. Jioni moja tulikuwa tukirudi kwa miguu kutoka shule ya kijiji, wanachuo saba na mimi, tukiongozwa na mzee mmoja mwenyeji. Simba jike akatokea mbele yetu, akasimama katikati ya njia. Mzee hakupandisha sauti. Alisema tu, "Tulieni, wanangu. Asikimbie mtu. Mtazameni, msimpe mgongo." Wawili walikuwa tayari wamekwisha kutupa madaftari na kuuparamia mwembe. Mmoja alisimama kimya, macho yamemtoka, na simba alipokwisha kuingia vichakani ilibidi tumshike mkono ndipo aondoke. Usiku ule bweni zima lilijaa kicheko. Waliokimbia walisimulia kwa fahari jinsi walivyopanda mti kama tumbili, lakini yule aliyeganda alipewa jina la "Sanamu", na jina lile likaanza kumla kuliko simba mwenyewe angalivyomla.

Asubuhi, mstarini, niliwasimulia habari ya Mabotsa. Niliwaambia kwamba kuganda si upumbavu wala si woga wa kuonewa aibu. Mwili wa binadamu una njia zake za kukabili kifo, na hakuna achaguaye ipi imjie kwanza. Isitoshe, kati yetu sote, aliyetii amri ya mzee barabara alikuwa yule aliyeganda. Jina la "Sanamu" halikusikika tena.

Woga nao una heshima yake. Wahenga walisema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Sijui mfano wa methali hii ulio mkubwa kuliko ule wa Tsavo mwaka 1898. Reli kutoka Mombasa ilikuwa ikijengwa, na wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kwa kazi hiyo katika miaka yote ya ujenzi. Simba madume wawili wasio na manyoya shingoni wakaanza kuwatoa watu mahemani usiku. Wafanyakazi walijenga maboma ya miiba na kuwasha mioto, wapi! Wengine walisema hao si simba bali ni mashetani, mizimu ya machifu wawili waliochukizwa na reli kupita katika nchi yao. Tarehe 1 Desemba waligoma. Walisema wamekuja kwa mkataba wa kuifanyia serikali kazi, si kuwa chakula cha simba. Mamia walilisimamisha treni kwa kulala juu ya reli, wakalipanda wakaondoka. Kazi ikasimama kwa muda wa majuma matatu hivi.

Patterson, mhandisi aliyewaua simba wale Desemba hiyohiyo, tarehe 9 na 29, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1907 na kuwa mashuhuri duniani. Ngozi zake ziliuzwa mwaka 1924 kwa jumba la makumbusho la Chicago, na simba wale wamesimamishwa humo mpaka leo. Msomaji wa kitabu hicho huona mgomo ule kama fadhaa ya watu wanyonge. Mimi nauona kama uamuzi wa watu wenye akili timamu. Walikuwa mbali na kwao, hawana silaha, wanalala katika mahema ya turubai, na katika ujenzi mzima wa reli ile karibu wenzao 2,500 walikufa kwa maradhi, ajali na mengineyo. Kukataa kazi ndiyo silaha pekee waliyokuwa nayo.

Kuna neno jingine katika kisa cha Tsavo lisilopaswa kupita kimya. Patterson alihesabu Wahindi 28 walioliwa, kisha akasema kuwa Waafrika walikuwa makumi, ila hesabu yao haikuwekwa. Baadaye akataja watu 135. Wataalamu waliopima mifupa na manyoya ya simba wale, katika utafiti uliotolewa mwaka 2009, walikadiria kuwa walioliwa ni kama 35. Tusibishane juu ya idadi. La kutusikitisha ni kwamba kulikuwa na mtu wa kuandika mishahara na magogo ya reli, lakini hapakuwa na mtu wa kuandika jina la Mtaita au Mkamba aliyeliwa na simba.

Huko Njombe, kati ya miaka ya 1930 na 1947, simba waliua mamia ya watu, na mara nyingi mchana. Bwana nyama wa serikali, George Rushby, aliyepelekwa kuwasaka, alisimulia kuwa wenyeji waliogopa hata kulitaja jina la simba. Waliamini kwamba simba wale walitumwa na mganga mmoja aliyevuliwa ujumbe, na kwamba wangeondoka siku atakaporudishiwa cheo chake. Rushby na askari wake waliwaua simba 15. Mganga naye akarudishiwa ujumbe. Mauaji yakakoma, na kila upande ukabaki na maelezo yake.

Ni rahisi kuwacheka watu wa Njombe wa wakati ule. Lakini wanyama wa porini, chakula cha simba, walikuwa wamepigwa risasi kwa wingi kwa amri ya serikali ili kuzuia sotoka isivuke kwenda kusini. Basi simba walikuwa na njaa iliyotokana na uamuzi wa mwenye cheo. Wananchi walikosea juu ya nani, lakini hawakukosea walipohisi kuwa balaa lile lilikuwa na mkono wa mtu ndani yake.

Asidhani mtu kwamba mambo haya yalikwisha na ukoloni. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua Watanzania zaidi ya 560 na kujeruhi zaidi ya 300. Rufiji na Lindi ziliumia sana. Simba mmoja wa Rufiji, ambaye watu walimwita Osama, aliua na wenziwe watu zaidi ya 30 kabla ya kuuawa Aprili 2004. Akakutwa na jipu kubwa chini ya gego. Watafiti waligundua sababu ambayo mkulima yeyote angewaambia: nguruwe pori. Nguruwe huja kula mazao, mkulima hulala katika dungu shambani kuwafukuza, na simba humfuata nguruwe akamkuta mtu. Utafiti mwingine, wa mwaka 2011, ulionyesha kuwa hatari huwa kubwa katika siku zinazofuata mwezi mpevu, saa za mwanzo za usiku, mwezi unapokuwa haujachomoza. Bibi zetu waliotukataza kutoka nje gizani hawakuwa wakitutisha bure.

Mwaka 2011 Tanzania iliweka kanuni za malipo kwa waliodhurika. Fedha za mazao huitwa kifuta jasho, na za aliyepoteza ndugu huitwa kifuta machozi. Majina haya yamechaguliwa kwa uangalifu, hayasemi fidia. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na adhabu ya dungu aijuaye ni yule aliyelala humo. Sisi tunaowapenda simba kwa sababu huleta watalii, nami ni mmojawapo, tunafurahia kitu ambacho gharama yake hulipwa na mtu mwingine, usiku, kando ya shamba la mahindi.

Ningependa walimu wanaofundisha historia katika vijiji vilivyo kando ya mapori wafanye jambo dogo. Wawatume wanafunzi kwa wazee wao wakaulize: nani hapa aliuawa na mnyama, mwaka gani, alikuwa akienda wapi? Waandike majina katika daftari la shule. Bado wapo wazee wanaoyakumbuka, ila hawatakuwapo muda mrefu.