Kitako Kilichopimwa kwa Mkono wa Askari

Juu ya kitako cha Lee-Enfield, bunduki waliyokwenda nayo askari wa Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, karibu na bamba la shaba linalokaa begani, mara nyingi utakuta herufi imegongwa kwenye mbao: L, S au B. Hiyo ni saizi. L ilizidi kitako cha kawaida kwa nusu inchi, S ilipungua nusu inchi, na B, iliyoitwa Bantam, ilipungua inchi nzima. Jina hilohilo la Bantam walipewa wanaume wasiofikia sentimita 160 ambao, kuanzia mwaka 1914 huko Birkenhead, waliundiwa vikosi vyao baada ya kukataliwa jeshini kwa ufupi.

Nusu inchi si kitu kidogo. Kitako kikiwa kirefu, kidole kinafika kwenye kifyatulio kwa taabu na bunduki inateleza kutoka begani. Kikiwa kifupi, bunduki inaporudi nyuma, dole gumba humgonga mpigaji puani.

Lakini askari hakuweza kujibadilishia mwenyewe. Kitako kilishikwa na bolti ndefu iliyopita ndani ya mbao, na ncha yake ya pembe nne ilibanwa mbele na kibamba kidogo. Fundi wa silaha alilazimika kwanza kuivua mbao ya mbele. Asiyejua hilo akaizungusha bolti kwa nguvu, aliipasua mbao hiyo. Napenda kuamini kwamba ugumu huo uliwafanya mafundi wampime mtu vizuri tangu mwanzo.

Wamarekani walijifunza kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1980 kikosi chao cha Marines kilipokea bunduki ya M16A2, ambayo kitako chake kilirefushwa karibu sentimita 1.6 kuliko cha bunduki iliyotangulia. Kwa mtu mrefu aliyevaa shati, kilifaa sana. Kisha fulana nzito za kuzuia risasi zikawa vazi la kila siku vitani, na unene wake begani ukakirefusha kitako kilekile kwa kila aliyekishika. Bunduki yao ya M4, iliyopokelewa mwaka 1994, ilikuja na kitako cha kuteleza kwenye bomba: unabonyeza kijiti cha chini, unavuta au unasukuma hadi tundu linalofuata.

Wengi bado hujipima kwa kuweka kitako kwenye kiwiko na kuona kama kidole kinagusa kifyatulio. Kipimo hicho hakijui shingo yako wala koti lako. Hakikisha bunduki haina risasi, vaa utakachovaa siku ya shabaha, elekeza mtutu mahali salama, kisha funga macho uinue bunduki hadi begani. Ukifungua macho na jicho liko tayari nyuma ya alama ya kulengea, shingo haijanyooshwa wala kukunjwa, urefu huo ndio wako. Koti likibadilika, pima tena.