Kutoka Kusadikika hadi Kufikirika: Kitabu cha Pili Kisomwapo Masasi na Newala

Kitabu cha pili husomwa kwa swali moja kubwa: aliyenusurika katika kitabu cha kwanza, aliishije baadaye? Vijana wa leo hulikuta swali hilo katika riwaya za Suzanne Collins wa Marekani. Katika The Hunger Games, iliyotoka mwaka 2008, kila wilaya ya dola katili hutoa vijana wawili, mvulana na msichana, wakauane uwanjani mbele ya watazamaji. Mwaka uliofuata kikaja kitabu cha pili, Catching Fire, na humo mshindi anarudishwa uwanjani. Funzo lake ni chungu: kuokoka mara moja si kuokoka.

Fasihi ya Kiswahili ilikwisha kulifikia jambo hili zamani. Marehemu Shaaban Robert alibuni nchi mbili zisizokuwamo katika ramani yoyote. Ya kwanza kumfikia msomaji ni Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951, Mwingereza akiwa bado anatawala Tanganyika. Ya pili ni Kufikirika. Hiyo ilitungwa katika miaka ya 1940, lakini haikuchapishwa mpaka 1967, miaka mitano baada ya mtungaji kufariki dunia. Kwa hiyo kitabu kilichosomwa kama cha pili kilikuwa kimeandikwa kabla ya kile cha kwanza kuchapishwa. Wahusika si wale wale, wala mfalme si yule yule. Kinachoendelea kutoka nchi moja hadi nyingine ni swali, si kisa.

Katika Kusadikika swali ni la ulimi. Karama ameshitakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria. Hajitetei kwa ukali. Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote za dunia, mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa ya kuitengeneza nchi, kisha kila mmoja akalipwa kifungo. Mwishowe mfalme anaamuru wajumbe wafunguliwe, naye Karama anasalimika. Msomaji anakifunga kitabu akiwa na faraja kwamba neno la haki, likisemwa kwa adabu na subira, hupata sikio.

Kufikirika haikomei katika faraja hiyo. Mfalme hana mrithi. Waganga wa kila aina wanaitwa, wa mizizi na wa hirizi, wa makafara na wa mashetani, na baada yao watabiri, ambao bishara yao ndiyo inayosadifu. Mtoto anazaliwa. Lakini bishara ina deni ndani yake: mwana huyo atakuja kuugua, na dawa yake ni damu ya watu wawili, mmoja mwerevu na mmoja mjinga. Hapa swali limehama. Haliulizwi tena nani ana ruhusa ya kusema, bali nani atalipa ili ahadi ya nchi itimie. Wala si adui anayedai kafara, ni serikali yenye furaha, kwa ajili ya mtoto anayependwa na wote. Sauti ya akili inatoka kwa Utubusara Ujingahasara, mwalimu aliyefukuzwa kazi kwa kutaka michezo iwemo katika masomo ya mwana wa mfalme.

Masasi iko chini, miongoni mwa majabali yake makubwa, na Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, ikilitazama bonde la Ruvuma. Huko swali la kitabu cha pili lina historia yake, na historia hiyo inaanzia Unguja. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akikusudia kuwarejesha kwao karibu na Ziwa Nyasa. Safari iliishia Masasi, wakajenga hapo, na kusoma Kiswahili cha chapa kukaanza pamoja na kijiji. Kwa watu wale utumwa ulikuwa kitabu cha kwanza. Masasi ilikuwa cha pili. Miaka sita tu ilipita. Mwaka 1882 Wangoni, ambao huko waliitwa Magwangwara, wakakivamia kijiji na kuchukua mateka. Walioachwa huru wakatekwa tena, kama washindi wa Collins wanaorudishwa uwanjani.

Mwaka 1905 ikaja bishara nyingine: maji yatakayoigeuza risasi ya Mdachi isidhuru. Vita vya Majimaji vilifika hadi Masasi, misheni ikateketezwa. Waliokufa kwa kuiamini dawa ile walikuwa wakidai haki yao, na hakuna awezaye kuwacheka. Hata hivyo deni la bishara walililipa wao.

Basi tazama mwaka ambao Kufikirika ilifika dukani. Mwaka 1967 ni mwaka wa Azimio la Arusha. Ng'ambo ya Ruvuma vita vya kuikomboa Msumbiji vilikuwa vimekwisha kuanza tangu 1964, na kando ya mpaka huo vijiji vya pamoja vilikuwa pia kinga. Miaka ya 1970 uhamishaji ukawa wa nchi nzima. Ahadi yake ilikuwa njema: shule, zahanati, na maji, hasa kwa watu wa uwandani, ambao kwa vizazi vingi walishuka miteremko mirefu kuyateka. Lakini mkorosho hauhami na mwenyewe. Wengi walijikuta mbali na miti yao, palilio likakoma, bei ikawa duni, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia. Korosho za Tanzania, ambazo sehemu kubwa hutoka kusini, zilikuwa takriban tani 145,000 katika msimu wa 1973/74; kufikia msimu wa 1986/87 hazikufika tani 20,000. Wala ahadi haikuwa uongo mtupu, kwani shule zilijengwa kweli, na ndimo watoto walimojifunza kusoma.

Hapo ndipo Kufikirika inapomgusa msomaji wa Newala kwa namna isiyomgusa mwingine. Kwa miaka mingi riwaya hiyo imekuwamo katika orodha ya vitabu vya kidato cha tano na sita, na wanafunzi hufundishwa kuorodhesha dhamira zake: ushirikina, elimu, uongozi. Dhamira hizo zimo. Lakini kijana ambaye babu yake aliacha shamba la mikorosho ili mjukuu apate shule ana haki ya kukisoma kitabu kile kutoka upande wa pili. Yeye ndiye mwana wa mfalme, aliyetabiriwa na kusubiriwa. Shaaban Robert hakumwandikia mwana huyo kosa lolote. Alimwachia jambo zito zaidi, nalo ni kujua kwamba uzima wake uliwahi kupangiwa bei, na kwamba bei hiyo ilikuwa watu.