Mtepe, Malapa na Swali la Fundi

Zamani hapa pwani yetu palikuwa na chombo kikiitwa mtepe. Kiliundwa huko visiwa vya Lamu bila ya msumari: mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi na tanga lilikuwa la mkeka. Kamba ikichoka, inashonwa nyingine. Mtepe wenyewe ukizeeka, vyote huoza na kurudi ardhini. Hakuna mjukuu aliyerithishwa taka.

Tusidanganyane, wazee wale hawakukaa kitako kujadili mazingira. Walitumia kilichokuwepo, na mtepe ulikuwa na tabu zake, maana kamba zilitaka kutengenezwa kila mara. Kufikia miaka ya 1930 ulikuwa umetoweka.

Baadaye ikaja plastiki: nyepesi, rahisi, haiingii maji. Lakini uzuri wake ndio ubaya wake, kwamba haiozi. Mfuko wa kubebea mkate kutoka dukani hadi nyumbani hufanya kazi dakika kumi, kisha hubaki baharini miaka na miaka. Ndipo tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ikapiga marufuku mifuko hiyo, kwa faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4.

Mwaka 2018, Lamu hiyo hiyo ya mtepe, fundi Ali Skanda na wenzake wakashusha jahazi Flipflopi. Lina urefu wa kama mita 9, limeundwa kwa takriban tani 10 za plastiki iliyotupwa, na ubavuni limevishwa malapa kama 30,000. Mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar, mwendo wa kilomita 500 hivi.

Ni jambo la kujivunia. Lakini jahazi hilo lilikuja kusafisha baada ya kosa. Kosa lilianza mezani kwa yule aliyebuni lapa bila kujiuliza: likikatika, litakwenda wapi? Basi wewe kijana unayesomea uhandisi, useremala au ushonaji, anza na swali hilo kabla hujakata kitu.

Na sisi wengine tuanze jioni hii. Baada ya futari, tazama lile pipa lilivyojaa sahani na vikombe vya kutupa. Kisha likumbuke sinia la bibi: watu watano wanalila pamoja, linaoshwa, na kesho magharibi liko pale pale mkekani.